Kikao cha Kubonyeza Ndiyo

Kaunti ya Mikkelborg ina furaha isiyo kifani kuwatangazia wakazi wake wote, wanaolipa kodi na wanaoendelea kulifikiria jambo hilo, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna faili la pamoja litakaloguswa, kusogezwa, kuboreshwa wala kutazamwa kwa jicho la tamaa bila idhini ya Ofisi ya Mratibu wa Mafaili ya Pamoja. Hatua hii inaiweka kaunti yetu mbele ya kaunti zote za Minnesota, na pengine za dunia, kwa kuwa hakuna nyingine iliyowahi kufikiria kuwa na ofisi ya namna hii.

Tangazo hilo lilibandikwa mapema Novemba kwenye mlango wa mahakama, kwenye duka la chambo cha samaki na kwenye friji ya jikoni ya kanisa la Kilutheri. Aliyeliandika ni Verlyn Skogstad, na kila alipolibandika alirudi nyuma hatua chache akalisoma tena kwa sauti ya chini, kuhakikisha halijapungukiwa na uzito njiani. Verlyn ndiye aliyekuwa Mratibu mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa karani wa vibali vya maegesho, kazi ambayo aliifanya kwa uaminifu mkubwa katika mji ambao kila mtu huegesha anapotaka. Makamishna wa kaunti walipoona jinsi anavyojua kutunza kitu kisicho na matatizo, wakampa cheo, tai ya bluu na mlango wenye jina lake.

Inafaa msomaji aelezwe suala lenyewe, maana wananchi wengi huropoka juu ya mafaili ya pamoja bila kuyajua. Kaunti ilikuwa na kompyuta moja kuukuu, iliyokuwa nyeupe siku ya kununuliwa na sasa ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta kiko. Ilikaa katika chumba kidogo kando ya ukumbi wa kulia chakula wa Nyumba ya Wazee ya Birch Point, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na meza ya ziada. Ndani yake ziliishi programu ndogondogo za huduma. Moja iliendesha boila la kupasha joto nyumba hiyo ya wazee, moja ilichapisha leseni za mbwa, na moja iligonga kengele ya mahakama saa sita mchana. Programu hizi ziliishi kama wapangaji wa nyumba moja wenye jiko moja. Jiko lenyewe lilikuwa faili moja la mfumo, ambalo zote zilipikia, na kila moja iliamini ni lake peke yake.

Mwezi wa kumi, idara ya mbwa ilipata programu mpya. Programu hiyo ilikuja na toleo lake la lile faili, ikalitupa nje lililokuwepo, ikaweka lake bila hata kupiga hodi. Leseni zikaanza kutoka zikiwa na picha ya mbwa ya rangi, na kila mtu akafurahi. Programu ya boila, kwa upande wake, ililitazama faili jipya, haikulielewa, ikanyamaza. Boila likabaki pale pale lilipokuwa siku hiyo, siku ya jua zuri la vuli ambayo hakuna mtu aliyehitaji joto.

Sasa ilikuwa Januari, na barafu ya ziwani ilikuwa nene kiasi cha kubeba malori.

Mtu mwingine angekimbilia kurekebisha. Verlyn alifanya uchunguzi kwanza. Alipita chumba hadi chumba pale Birch Point akiwa amevaa koti, skafu na glavu, akamuuliza kila mzee swali moja lililotungwa kwa uangalifu: je, unakionaje kiwango cha joto? Wazee wote, mmoja baada ya mwingine, walijibu, "Sio mbaya sana." Verlyn akaandika kwamba asilimia mia moja ya wakazi hawaoni ubaya. Ripoti ikapokelewa na Baraza la Makamishna kwa makofi.

Hapa lazima isemwe kwamba watu wa Mikkelborg hawalalamiki. Hawajui namna. Mtu wa huko akiangukiwa na mti atasema sio mbaya sana, na mke wake akiulizwa juu ya mti atasema ungeweza kuwa mkubwa zaidi. Ukipika chakula kibaya watakwambia kina ladha ya peke yake. Verlyn alizaliwa huko, alilelewa huko, na mwenyewe aliwahi kusema sio mbaya sana akiwa amelala na mguu uliovunjika. Lakini afisa akiwa kazini hupokea majibu jinsi yalivyotolewa.

Mkazi mmoja wa Birch Point alikuwa mama yake mzazi, Ardis Skogstad, mwenye miaka themanini na nne. Jumatatu moja baada ya uchunguzi, Verlyn alimkuta kitandani, amevaa koti la kuwindia la marehemu mumewe, lile la rangi ya chungwa, na kofia mbili. Kwenye kitanda cha pili alikuwa Gladys Ubl, mwenzake wa chumbani, ambaye hakuonekana ila pua.

"Mama, mbona umevaa hivyo?" Verlyn akauliza.

"Nangoja paa apite," akasema Ardis.

"Kwenye uchunguzi ulisema sio mbaya sana."

"Ulitaka nisemeje mbele ya Gladys? Gladys ana miaka tisini na mbili na hajanung'unika tangu enzi za vita. Nianze mimi?"

"Mimi sina neno," pua ya Gladys ikasema. "Meno yangu ndiyo yanaumwa na baridi. Na yako kwenye glasi."

Verlyn akakaa ukingoni mwa kitanda. Ardis akamwekea mkono juu ya goti, na hata kupitia suruali mkono ule ulikuwa wa baridi mno.

"Mwanangu, yule mkaguzi wa jimbo alipita tena. Joto lisiporudi kufika Ijumaa, wanaifunga nyumba. Mimi napelekwa Fargo. Gladys anapelekwa sijui wapi huko kusini, kwa mpwa wake anayefuga mijusi."

"Ni mijusi wazuri tu," akasema Gladys.

"Tumecheza karata pamoja miaka kumi na moja, Verlyn. Nitacheza na nani Fargo?"

Verlyn alimpenda mama yake, na maneno yale yalimchoma. Lakini alijua pia jambo ambalo mama hakulijua: kwamba kitu cha haraka kikifanywa haraka, watu huanza kujiuliza kwa nini wana ofisi. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko baridi.

"Suala liko kwenye mchakato, mama," akasema.

"Basi uambie huo mchakato uje ulale hapa usiku mmoja."

Ardis alipendekeza pia, kwa upole, kwamba boila liwashwe kwa mkono kama zamani. Verlyn akamkumbusha kwamba gurudumu la kuwashia liling'olewa mwaka ule kaunti ilipoingia kwenye zama za kompyuta, likapakwa rangi ya dhahabu, na likatolewa kwa kamishna mmoja kama tuzo. Kamishna huyo alikuwa amekwenda nalo Arizona kukwepa baridi.

Jumanne fundi akafika kutoka Bemidji. Aliitwa Twyla Roy, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyekuja na theluji mabegani na diski tatu mfukoni kutoka kwa kampuni iliyotengeneza programu ya boila. Akatumbukiza ya kwanza. Akatumbukiza ya pili. Kompyuta ikakoroma, ikafikiri, kisha ikaandika kwenye kioo chake:

*Faili hili la pamoja linatumiwa na programu nyingine. Ungependa kuliandika upya? Ndiyo. Hapana.*

Twyla akasogeza kipanya.

"Usiguse," Verlyn akasema kutoka mlangoni. "Dada, unataka kufanya nini?"

"Kubonyeza Ndiyo."

"Kwa mamlaka ya nani?"

"Ya kidole hiki."

Verlyn akaja akasimama kati yake na mashine. Akavaa miwani, akalisoma swali, akalisoma tena. Hakika lilikuwa swali zito, na lilimpa raha ambayo hakuwa ameipata tangu ateuliwe. Miezi yote hiyo alikuwa akilinda mafaili ya pamoja bila faili hata moja kumsemesha.

"Inauliza kama *ungependa*," akasema. "Sasa mimi nakuuliza, anayeulizwa ni nani? Wewe? Wewe ni mkazi wa Bemidji. Mimi? Mimi ni mtumishi tu. Anayeulizwa hapa ni kaunti."

"Bwana, hii ni kompyuta. Inamuuliza aliyekaa mbele yake."

"Leo umekaa wewe. Kesho je, akikaa mhuni?"

Twyla akaelekeza kidole mlangoni. "Kuna wazee wanatetemeka hapo ukumbini," akasema. "Nimepishana na mmoja amejifunga zulia."

"Na programu ya mbwa itakuwaje ukishabonyeza?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Ndivyo mafaili haya yalivyo. Unaweka la huyu, pengine yule anakubali, pengine anazimia. Akizimia, unamtafutia dawa. Huwezi kujua mpaka ubonyeze."

Verlyn akayaandika maneno *hakuna anayejua* na kuyapigia mstari chini. Fundi mwenyewe alikuwa amekiri. Hapo hapo akaitisha kikao cha dharura cha Baraza la Makamishna, cha hadhara, siku ya Alhamisi, kwa kuwa dharura ya mapema zaidi ya hapo ingevunja kanuni ya kuwapa wananchi taarifa. Twyla akaambiwa asubiri. Kompyuta ikaachwa na swali lake wazi, na pembeni yake ikabandikwa karatasi: SWALI HILI LINANGOJA BARAZA. TAFADHALI LISIJIBIWE.

Alhamisi ukumbi wa kulia chakula ulijaa. Wazee walikaa mbele wakiwa wamejifunga mablanketi hadi masikioni, pumzi zao zikitoka kama moshi wa birika. Nyuma walikaa watu wa mjini, na ukutani ilipangwa meza ya chakula, maana Mikkelborg hakuna jambo linaloamuliwa bila sinia la nyama ya kusaga lililofunikwa viazi vya kukaanga. Kompyuta ilisukumwa hadi katikati ya ukumbi juu ya meza ya magurudumu, na Twyla akakaa mbele yake kidole tayari, kama mtu aliyeambiwa ashike mlango na akasahauliwa.

Mwenyekiti alikuwa Duane Pelkey, muuza pikipiki za theluji, mtu mpole asiyependa kumkwaza mtu yeyote, jambo ambalo lilimfanya achaguliwe mara sita. Makamishna wengine waliokuwepo walikuwa watatu. Wa tano alikuwa Arizona mpaka Aprili, pamoja na tuzo yake.

Wakasimama wakaapa utii kwa bendera. Wakaketi. Wakapitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, wakarekebisha tahajia ya jina la marehemu mmoja, wakazipitisha tena. Ndipo Verlyn, ambaye pia alikuwa katibu wa kikao, akasimama, akalisoma swali la kompyuta kwa sauti ya kanisani, na kuwaalika wananchi wachangie, kila mmoja dakika tatu.

Wa kwanza alikuwa Lorraine Tschida, mkuu wa idara ya leseni za mbwa, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta lenye picha ya mbwa wake mwenyewe.

"Sina chochote dhidi ya wazee," akasema. "Baadhi yao ni ndugu zangu. Lakini hizi picha za rangi tumezipigania. Zamani mbwa wa kahawia na mbwa mwekundu walikuwa kitu kimoja kwenye karatasi. Mbwa hawezi kuja hapa kujitetea."

"Wa kwako anaweza," mtu akasema kutoka nyuma. "Ana kelele kuliko wewe."

"Na jambo la pili, Bwana Mwenyekiti. Nimeandika wiki tisa sasa kuomba ruhusa ya ofisi ya Verlyn nirekebishe jina la aina moja ya mbwa. Bado nangoja. Nalitaja tu."

"Lipo kwenye mchakato," akasema Verlyn.

Wengine wakafuata. Mwenye duka la chambo alitaka kujua kama kengele ya mahakama itaathirika, kwa sababu yeye hula chakula cha mchana kwa kengele. Mchungaji alisema kuna pande mbili. Mzee mmoja alisimama, akasema hana la kusema, akatumia dakika zake tatu zote. Hakuna hata mmoja aliyetaja baridi. Lingekuwa sawa na kumsimanga mwenye nyumba.

Kura zikapigwa. Wawili wakasema Ndiyo ibonyezwe, wawili wakasema Hapana, na mmoja wa hao wa Hapana alikuwa Duane, aliyekuwa amemuuzia Lorraine pikipiki ya theluji na hakutaka kumwona akiwa na huzuni.

"Kura zimelingana," Verlyn akatangaza, na hakuweza kuificha furaha yake. "Kwa mujibu wa kanuni, hoja imeanguka. Ofisi yangu inapendekeza njia ya kati. Tumwandikie aliyeitengeneza kompyuta tumwombe kitufe cha tatu."

"Cha tatu cha nini?" akauliza Twyla.

"Cha Labda."

Makamishna wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mtu akapendekeza mapumziko ya chakula. Watu wakainuka, wakala, wakasifu. Kwenye sinia la keki kikabaki kipande kimoja, na kwa kuwa hakuna mtu wa Mikkelborg anayeweza kuchukua kipande cha mwisho, mmoja akakata nusu, mwingine akakata nusu ya nusu, mpaka kikawa chembe, na chembe hiyo ikazungukwa kwa heshima.

Ardis Skogstad hakuinuka kula. Gladys, aliyekaa kando yake, alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Ardis akamshika mkono, akaachia, akashika tena. Kisha akasimama. Alichukua muda, kwa sababu ya koti.

"Verlyn," akasema.

"Mama, muda wa michango umekwisha."

"Nina baridi."

Ukumbi ukanyamaza. Uma ukaanguka mahali fulani. Watu wengi mle ndani walikuwa wameishi miaka mingi sana bila kusikia mtu mzima akilisema neno hilo mbele za watu, waziwazi, bila kuongeza kwamba mwaka fulani ilikuwa mbaya zaidi.

"Samahani, mama?" akasema Verlyn.

"Nina baridi. Nimekuwa na baridi tangu Novemba. Nalala na baridi, naamka na baridi. Na huyu hapa ana baridi kuliko mimi, ila amelelewa vizuri."

Gladys akafumbua macho. Alionekana kupambana na jambo kubwa ndani yake.

"Kidogo," akasema. Halafu: "Hapana. Sana."

"Na mimi," akasema mzee aliyejifunga zulia. Bibi mmoja akasema hazisikii nyayo zake. Mwingine akasema kahawa yake ya jana imeganda. Ikawa kama bomba limepasuka. Miaka themanini ya manung'uniko ikatoka kwa pamoja, na baadhi hayakuhusu joto kabisa. Mmoja alilalamikia harusi ya mwaka wa hamsini na tatu. Mwenyekiti Duane alikaa akiwatazama, uso ukamwiva kwa haya, akachukua nyundo yake ya mbao akaiweka chini tena bila kugonga.

"Nabadilisha kura yangu," akasema. "Samahani, Lorraine."

"Bonyezeni tu," akasema Lorraine, aliyekuwa akijifuta macho kwa mkono wa sweta, juu ya masikio ya mbwa.

Twyla hakungoja yaingie kwenye kumbukumbu. Akabonyeza. Kompyuta ikakoroma. Chini ya sakafu kitu kikubwa kikajinyoosha, kikakohoa, na boila likawaka kwa mngurumo ulioitetemesha sakafu. Wazee wakapiga makofi, wakiwa na glavu zao, kwa hiyo hayakusikika. Lorraine akajaribu kuchapisha leseni moja. Ilitoka, lakini mbwa alikuwa mweusi na mweupe, na ikambidi akiri kwamba mbwa huyo ndivyo alivyo.

Verlyn alifurahi kwa ajili ya mama yake. Alifurahi kweli. Lakini alipotazama huku na huku aliona watu wamekwisha mgeuzia mgongo, wanazungumza, wanacheka, wanashika mabomba ya joto kwa viganja, na akaona wazi jinsi jambo lililomchukua wiki nyingi kulisimamia lilivyokwisha kwa kidole kimoja. Ndipo kompyuta, Mungu aibariki, ikauliza swali lingine:

*Faili la pamoja lifuatalo halionekani kutumiwa na programu yoyote. Liondolewe?*

"Kuna mengi ya namna hii," akasema Twyla. "Masalia. Kila programu iliyowahi kupita humu imeacha lake. Niyafute?"

Makamishna wakaguna. Kila mmoja aliona mbele yake kikao kimoja kwa kila faili, na sinia moja kwa kila kikao.

"Bwana Mwenyekiti!" Verlyn akapaza sauti, na tai yake ya bluu ikakaa sawa yenyewe. "Ofisi yangu inalo suluhisho. Naleta kanuni hii mpya: kitu chochote cha pamoja katika kaunti hii, ambacho kikitajwa hadharani haitokei idara inayosema inakitumia, kiondolewe papo hapo, bila mjadala."

Ilikuwa ndiyo kanuni fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na nzuri kuliko zote. Ikapita kwa kauli moja. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, watu wakampigia makofi, na wengi walikuwa wamekwisha vua glavu. Twyla akasoma majina ya mafaili, moja moja. Baada ya kila jina Verlyn akauliza, kwa sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe, "Yupo anayelitumia?" Akangoja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Hayupo. Liondolewe." Alikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya maisha yake ya kazi.

Orodha ilipokwisha, Lorraine Tschida akainua mkono.

"Naomba ufafanuzi. Kanuni inasema *kitu chochote cha pamoja katika kaunti*. Haisemi faili."

"Niliiandika kwa upana kwa makusudi," akasema Verlyn. "Kanuni nzuri haijifungi mikono."

"Hata mimi naona ni nzuri. Basi nataja: Ofisi ya Mratibu wa Mafaili ya Pamoja. Idara zote tunaichangia, kwa hiyo ni ya pamoja. Naomba iulizwe kama yalivyoulizwa yale mafaili."

Duane akamtazama Verlyn kwa huzuni ya kweli. Kanuni ilikuwa imepita, nyundo ilikuwa imegongwa. "Yupo anayeitumia?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba apatikane.

Idara ya barabara ilitazama viatu vyake. Idara ya kodi ilitazama dari. Mwenye duka la chambo alikumbuka kwamba ameacha gari linanguruma. Hakuna aliyekuwa na ubaya na Verlyn, na kila mmoja angependa sana mwingine aseme. Mwishowe macho yote yakaenda kwa bibi wa koti la rangi ya chungwa.

"Ardis," akasema Duane taratibu, "wewe je? Umewahi kuitumia hiyo ofisi?"

Neno moja tu lingetosha, na Ardis alilijua hilo. Alimtazama mwanawe, amesimama pale na kalamu yake, akamwonea huruma kama siku alipompeleka shule mara ya kwanza na yeye akawapanga watoto wenzake foleni bila kuambiwa na mtu.

"Mwanangu namtumia," akasema. "Ananiletea siagi, ananisukumia kiti, Krismasi ananisomea kadi. Ofisi yake sijawahi kuitumia."

"Basi ni hoja," akasema Duane. "Haina mjadala, lakini kwa kuwa ni ofisi na si faili, lazima iungwe mkono. Nani anaiunga mkono?"

Hakuna. Watu wa Mikkelborg wangeweza kukaa hivyo mpaka barafu iyeyuke. Lorraine mwenyewe, aliyeileta, alianza kuonekana kama mtu anayetaka kuirudisha. Dakika ikapita, na nyingine. Verlyn alitazama kumbukumbu zake, ambapo hoja ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi na mbele yake nafasi tupu ya jina la muungaji mkono, na nafasi ile tupu ikaanza kumwasha. Maisha yake yote hakuwahi kuacha ukurasa una pengo. Hoja inayoning'inia hewani, katika kikao anachokisimamia yeye, mbele ya makamishna wanne na mchungaji, ilikuwa aibu asiyoweza kuivumilia.

"Naunga mkono," akasema Verlyn.

Wakapiga kura. Ndiyo zilikuwa nne.

"Sasa iende wapi?" akauliza Twyla, kwa mazoea tu ya kazi, akiwa tayari anavaa koti lake. "Ifutwe moja kwa moja, au ikae kwanza kwenye pipa la taka?"

Duane akafikiri. Hakuwa mtu mkatili.

"Kwenye pipa kwanza," akasema. "Pengine atatokea mtu wa kuihitaji."

Verlyn akaliandika hilo pia, neno kwa neno, maana mpaka nyundo igongwe bado alikuwa ndiye katibu wa kikao.